Nani Alimwona Ndege Kwanza?

Kila nikiposti picha ya ndege, haikosi komenti moja: "Hii ni hobi ya wazungu, buda." Kuna wanaoandika kiutani, na kuna wenye wako siriasi kabisa. Hata kule mashambani ni hivyo hivyo. Ukisimama kando ya barabara na darubini shingoni, kamera imeelekezwa kwenye nyasi, swali la kwanza utakaloulizwa ni kama umetumwa kupima barabara mpya. La pili ni kama unataka kununua shamba.

Jibu langu kwa hiyo komenti ni refu, ndiyo maana nimeliweka hapa. Kamera na vitabu vya ndege vilikuja na meli, sawa, sibishani na hilo. Lakini ukisoma hiyo historia pole pole, utagundua kitu. Kila mahali palipoandikwa kwamba Bwana Fulani "aligundua" ndege fulani, kuna mtu mwingine amesimama nusu hatua mbele yake akinyoosha kidole. Huyo ndiye alimwona kwanza. Na huyo ndiye alikatwa kwenye picha.

Tuanze na mashine yenyewe.

Mwaka 1882 Mfaransa mmoja, Étienne-Jules Marey, alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki. Sisemi kimafumbo. Ilikuwa na mtutu, kitako cha kuegemeza begani na kifyatulio, na ukikivuta ilichukua picha 12 kwa sekunde moja. Marey alikuwa mwanasayansi wa miendo ya mwili, na alitaka kujua mabawa ya ndege yanaendaje hewani, kitu ambacho macho yetu hayana kasi ya kukishika. Kwa hivyo moja ya kamera za kwanza kuweza kumnasa ndege akiruka ilikuwa bunduki kwa umbo na kwa matumizi, tofauti ni kwamba ndege alirudi nyumbani jioni.

Kiswahili chetu nacho kinapiga risasi na kinapiga picha. Sitaki kujenga nyumba juu ya hilo, maana tunapiga pia pasi, simu na mswaki, na hakuna anayekufa. Lakini kwenye historia ya Afrika Mashariki, hizo mbili za kwanza zilisafiri kwenye msafara mmoja, zikabebwa na mabega yale yale.

Chukua Mjerumani Carl Georg Schillings. Miaka ya 1903 na 1904 alizunguka nchi ya karibu na Kilimanjaro, wakati huo ikiwa koloni la Wajerumani, akipiga picha za wanyama usiku. Kitabu chake kilitoka 1905, na jina lake kwa Kiswahili lingekuwa kitu kama "Kwa Flashi na Bunduki". Jina tu linakueleza kila kitu. Mbinu yake ilikuwa hivi: unamfunga ng'ombe au punda porini, unaweka kamera, unatega kamba. Simba akirukia windo, kamba inavutika, unga wa magnesiamu unalipuka kama radi, picha imetoka. Ulaya ilishangaa. Watu wengi walikuwa hawajawahi kuona mnyama wa mwitu gizani akiwa katika shughuli zake.

Sasa fikiria kazi iliyokuwa nyuma ya picha moja. Kamera za kazi kama hiyo wakati huo zilitumia vioo badala ya filamu, na vioo ni vizito na vinavunjika. Kuna mtu alivibeba kichwani siku baada ya siku. Kuna mtu alisoma nyayo na kujua simba atapita wapi. Kuna mtu alimfunga yule punda, na gizani, manze, mahali simba wanatembea. Kwenye jalada kuna jina moja.

Na kama unafikiri hayo ya punda yaliisha, nenda Ziwa Baringo au Naivasha leo. Nahodha wa boti anapiga mluzi, anarusha samaki majini, na furukombe, yule tai wa samaki mwenye kichwa cheupe, anashuka kutoka mtini moja kwa moja mbele ya lenzi yako. Kuna nahodha humchomeka samaki kijiti chepesi ili aelee. Picha inatoka safi, kucha zimenyooshwa, maji yanaruka. Nusu ya picha za furukombe unazoziona kwenye intaneti zimepatikana kwa njia hiyo, kwa makadirio yangu ya kihuni. Punda amekuwa samaki, basi. Sina shida kubwa na hiyo samaki, nahodha pia ana watoto. Shida yangu ni maelezo ya picha yanayosema "uvumilivu unalipa".

Mwaka 1909 ndio mwaka wenye nauita mwaka wa mkosi na baraka. Mwezi wa Aprili Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Walikuja kukusanya wanyama kwa niaba ya makumbusho ya Smithsonian kule Washington. Roosevelt alikuwa mpenzi wa ndege tangu utotoni, hilo watu husahau. Alikuja na wataalamu watatu, mmoja wao, daktari wa jeshi Edgar Mearns, akiwa mtu wa ndege hasa. Kermit ndiye alikuwa mpiga picha wa msafara, na wapagazi walimpa jina la Bwana Maridadi, jina ambalo hata leo ungempa msee fulani wa Instagram bila kubadilisha herufi. Walipomaliza, baba na mwana walikuwa wameua wanyama 512 kwa bunduki zao wenyewe, na msafara mzima ulipeleka Marekani vielelezo vya wanyama zaidi ya 11,000, kuanzia tembo hadi panya, ndege wakiwa maelfu.

Roosevelt aliandika kitabu kuhusu safari hiyo, na ndani yake anawataja watu wake. Wabeba bunduki wake, anasema, walikuwa Muhamed na Bakari. Muhamed nani? Bakari wa wapi? Wapagazi walikuwa zaidi ya mia mbili, na wengi hawakupata hata hilo jina moja. Nakubali kwamba kumtaja mtu kwa jina lolote ilikuwa zaidi ya wengi walivyofanya wakati huo. Lakini fikiria kazi ya mbeba bunduki. Si kubeba tu. Yeye ndiye anatangulia, anasikiza, anashika mkono wa bwana na kumwonyesha: pale. Hata kama Roosevelt angekuwa na macho ya tai (na hakuwa nayo, jicho lake moja lilikuwa limeharibika na mengine alitegemea miwani), alikuwa mgeni kwenye hiyo nyasi.

Baraka ya 1909 ni kwamba mwaka huo huo, hapa Nairobi, maafisa wa serikali, wamishonari na walowezi waliunda chama cha wapenzi wa viumbe na mimea. Mwaka 1910 chama hicho kikaanzisha jumba dogo la makumbusho, na hapo ndipo asili ya Makumbusho ya Taifa unayoyaona pale juu ya Museum Hill. Chama chenyewe bado kipo, sasa kinaitwa Nature Kenya. Kwa hivyo yule anayesema hobi hii ilianza na wazungu, kwa maana ya makaratasi, kadi ya uanachama na chai ya saa nne, yuko sawa.

Lakini makaratasi hayajui kila kitu. Ndege wa makumbusho huwa hivi: unamchuna kwa uangalifu kupitia tumboni, unatoa mwili wote na kuacha ngozi na manyoya, unapaka sumu ya aseniki ndani ili wadudu wasile, unajaza pamba, unafunga miguu, unamlaza chali. Halafu mguuni unafunga kikaratasi: aina ya ndege, mahali, tarehe, mkusanyaji. Kwenye droo za makumbusho yetu kuna ngozi za namna hiyo makumi ya maelfu. Kazi ya kuchuna ndege mwenye uzito wa sarafu chache bila kupasua ngozi yake ni ya mikono ya fundi saa, na kote barani mikono hiyo mara nyingi ilikuwa ya Waafrika waliofunzwa wakaipita mikono ya waliowafunza. Kwenye nafasi ya "mkusanyaji" liliandikwa jina la mwenye msafara.

Mara chache tu pazia hupasuka. Kule Amani, milima ya Usambara, mtaalamu Mwingereza Reginald Moreau alifanya kazi kuanzia 1928 na akawa mmoja wa majina makubwa kabisa ya elimu ya ndege barani. Nyuma yake alikuwa msaidizi wake Salimu Asumani, na Moreau mwenyewe alimtambua kwenye maandishi yake. Kule Nyasaland, Malawi ya leo, alikuwepo Jali Makawa, aliyezunguka na afisa mkoloni Constantine Benson kwa miongo. Kisa cha Jali nakipenda kuliko vyote. Mnamo Septemba 1964, wiki chache kabla ya uhuru wa Zambia, ndege mdogo mwenye kifua cheupe alipatikana kwenye kichaka kinene mahali panaitwa Mayau, kaskazini magharibi mwa nchi hiyo. Hakufanana na ndege yeyote anayejulikana. Mwaka uliofuata akapewa jina la kisayansi, na jina hilo ni la Jali: Pogoniulus makawai. Mwafrika, msaidizi, jina lake la ukoo kwenye ndege mzima.

Halafu ndege mwenyewe hakuonekana tena. Watu wamerudi Mayau mara nyingi, wametafuta, hakuna. Ngozi ni moja tu duniani, na iko Uingereza, kwenye makumbusho ya Tring. Uchunguzi wa DNA wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba huenda hakuwa aina tofauti, bali ndege wa kawaida wa jamii yake aliyezaliwa na rangi isiyo ya kawaida. Yaani katika ndege wote wa kumpa Mwafrika, alipewa yule ambaye pengine hayuko. Niliposoma hiyo nilicheka peke yangu kwenye mathree mpaka konda akaniangalia.

Sasa linganisha na vile wenyewe walivyopeana. Mwaka 1891, Richard Bowdler Sharpe, mtunza ndege wa makumbusho ya Uingereza kule London, alimpa jina ndege mmoja mweusi wa nyanda zetu za juu, yule dume mwenye mkia mrefu anayeruka juu chini, juu chini kwenye nyasi kama mtu yuko kwenye trampolini. Alimwita kwa jina la Frederick Jackson, afisa wa Waingereza huku kwetu aliyekuja kuwa gavana wa Uganda. Mwaka 1904 Jackson naye akapata ndege mwingine wa nyasi hizo hizo, mwenye kifua cha manjano na ukucha mrefu wa nyuma, akamwita kwa jina la nani? La Sharpe. Nifolo nikufolo. Na hivyo ndivyo ndege wawili wa Kinangop wanavyobeba majina ya marafiki wawili waliokuwa wakitumiana vifurushi vya ngozi.

Najua mjadala wa majina uko moto huko nje. Novemba 2023 chama cha wataalamu wa ndege cha Marekani kilitangaza kwamba kitayaondoa majina yote ya watu kwenye majina ya Kiingereza ya ndege wa Marekani na Kanada. Poa. Mimi binafsi jina la Sharpe halininyimi usingizi. Kinachoninyima usingizi ni kile kikaratasi cha mguuni, kwa sababu hicho bado tunakiandika kila siku. Siku hizi tunakiita maelezo ya picha.

Kabla sijafika huko, nipite haraka kwenye karne. Mwaka 1926 George Eastman alikuja Kenya kwa safari ya uwindaji. Huyu ndiye mwenye Kodak, mtu aliyefanya kamera iwe kitu cha kuweka mfukoni. Alikuja kuwatembelea Martin na Osa Johnson, wale Wamarekani waliokuwa wakiishi Ziwa Paradise kule Marsabit wakitengeneza filamu za wanyama. Mfalme wa kamera duniani, na bado alikuja na bunduki. Kwa karibu miaka sabini baada ya Roosevelt, hizo mbili ziliendelea kukaa kwenye gari moja, hadi 1977 serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji wa wanyama kwa mchezo. Hapo neno "safari" likabadilisha maana kwa mtalii: kutoka kuua hadi kupiga picha. Waliokuwa wakitangulia na kunyoosha kidole waliendelea na kazi ile ile. Walibadilishiwa tu sare, wakaitwa waongozaji.

Na hapa ndipo komenti ya "hobi ya wazungu" inanikera kweli kweli, kwa sababu inawafuta watu mara ya pili.

Kaskazini mwa Kenya kuna ndege mdogo wa rangi ya udongo ambaye humwongoza mtu hadi kwenye mzinga wa nyuki. Anakuja karibu, analia kwa namna yake, anaruka mti mmoja hadi mwingine, anasubiri umfikie. Mtu anatoa asali, ndege anapata nta na majana ya nyuki. Wazungu walioandika habari hii zamani walionwa kama wapiga porojo. Wataalamu wengi walidhani ni hadithi tu. Halafu Hussein Isack, mwanasayansi Mkenya wa Makumbusho ya Taifa, akafanya kitu rahisi ajabu: akawasikiliza Waborana. Yeye na mwenzake Mjerumani Heinz-Ulrich Reyer walitembea na warina asali wa Kiborana, wakapima. Matokeo yalitoka 1989 kwenye jarida la Science, ambalo ni kama ligi kuu ya sayansi duniani. Bila ndege, warina asali walichukua wastani wa saa 8.9 kupata nyuki. Wakiongozwa na ndege, saa 3.2.

Cha kunishangaza zaidi ni kwamba Waborana walikuwa wakidai kwamba wakimwangalia ndege vizuri, jinsi anavyoruka, anavyopotea na kurudi, urefu wa kila hatua, wanaweza kujua mzinga uko upande gani na mbali kiasi gani, na kama wamekaribia. Isack na Reyer walipima hilo pia, na vipimo vikawaunga mkono. Hao watu walikuwa na mluzi wao maalum wa kumwita ndege. Walikuwa wakimwangalia ndege mmoja kwa makini kuliko mtu yeyote mwenye darubini, tangu kabla ya darubini, na maisha yao yalitegemea kutokosea. Sasa nieleze, hiyo ni hobi ya nani?

Sitaki tuingie kwenye ule mtego mwingine wa kusema Mwafrika amewapenda ndege siku zote. Si kweli. Bundi akilia juu ya paa mitaa mingi ya hii nchi, anatafutiwa mawe. Watoto na manati ni watoto na manati. Kujua ndege si lazima iwe kumpenda. Mtu alimjua kware kwa sababu ya kumla, na ndege wa mtama kwa sababu ya kumfukuza. Lakini kujua ni kujua. Huwezi kumtega kware kama hujui anapita wapi na saa ngapi.

Kwa upande wa vyama, mlango ulifunguka taratibu. Mwaka 1968 wanafunzi wa Kenya walianzisha vilabu vya wanyamapori mashuleni, vya kwanza vya aina yake Afrika, na huenda mzazi wako alikuwa na ile beji. Mwaka 1971 Fleur Ng'weno alianza kuongoza matembezi ya kuangalia ndege kila Jumatano asubuhi kutoka Makumbusho, na akaendelea nayo kwa miongo. Siku ya Jumatano asubuhi, ndiyo, najua: nani ana kazi na yuko huru Jumatano asubuhi? Lakini mwanafunzi yuko huru, na asiye na kazi yuko huru, na Wakenya wengi walipata darubini yao ya kwanza ya kuazima pale. Ukimtazama Washington Wachira, mwanasayansi na mpiga picha wetu aliyesimama jukwaani TED Arusha mwaka 2017 akiwatetea hata tai wala mizoga, unaona mlango ulishafunguliwa. Kenya ina aina za ndege zaidi ya 1,100. Kazi ipo.

Kilichobaki kimefungwa ni lenzi. Lenzi moja mpya kubwa ya milimita 600, zile nyeupe kama bomba la maji, inaweza kukutoka bei inayozidi ya Probox ya mkono wa pili. Kwa hivyo mwenye lenzi na mwenye macho bado mara nyingi ni watu wawili tofauti, kama 1909. Ni rangi tu ya mwenye lenzi imebadilika, na si kila wakati.

Majuzi mbogi yetu ilienda Kinangop. Matatu hadi Flyover, nyingine hadi Njabini, halafu nduthi. Baridi ya kule haina adabu. Tulikuwa tunamtafuta yule ndege wa Sharpe, wa kifua cha manjano, ambaye duniani kote anaishi Kenya tu, kwenye nyasi za nyanda za juu. Nyasi zenyewe ni zile ngumu zinazoota kwa mafungu, zile ng'ombe anazirukia akitafuta laini. Ukizilima, ndege anaondoka, kwa sababu ndani ya hayo mafungu ndipo anapojificha na kutaga. Na Kinangop inalimwa. Baada ya uhuru mashamba ya walowezi yaligawanywa kwa wakulima, na shamba likigawanywa kwa watoto na wajukuu, viazi na kabeji zinalipa kuliko nyasi. Sehemu kubwa ya makao ya huyo ndege ni mashamba ya watu binafsi wenye hesabu zao za mwisho wa mwezi.

Mwongozaji wetu ni kijana wa pale pale, rika letu. Tulitembea kando ya ua kama saa nzima, sisi sita tukiangalia, hakuna kitu. Yeye akasimama, akasema bila kuinua sauti, "Msisonge. Yuko kwa hilo fungu la tatu, amegeuka mgongo." Mgongo wa huyo ndege ni nyasi kavu tupu. Tulimwona baada ya dakika nzima, alipogeuka na ile manjano ikawaka.

Wakati wa chai alitoa simu yake, kioo kimepasuka kona hadi kona, akanionyesha posti ya akaunti moja yenye wafuasi makumi ya maelfu. Ndege ni huyo huyo, na ua ule ule ulionekana nyuma. Maelezo yalisema mpiga picha alimpata baada ya siku mbili za kumtafuta peke yake kwenye baridi. Nikamuuliza kama anamjua.

"Nilimleta mimi," akasema, akicheka. "Alikuwa peke yake na mimi."

Alilipwa, aliniambia, na alilipwa vizuri. Hakuwa analia pesa. Alichokuwa anahesabu ni kwamba watu wangapi waliiona ile picha, na kwamba kama jina lake lingekuwepo, wangapi wangempigia simu kabla ya msimu kuisha. Kwake jina ni wateja. Wateja ndio sababu ya nyasi kubaki nyasi. Mwenye lenzi alipoifuta hiyo mistari miwili ya maelezo, alifuta pia sababu ya ndege wake kuwepo mwaka ujao, na sidhani hata alijua.

Kwa hivyo sheria ya mbogi yetu sasa ni fupi. Picha ikitoka, maelezo yanataja aliyemwona kwanza, akikubali kutajwa, na namna ya kumpata. Kama ndege alivutwa kwa samaki au kwa sauti ya kurekodiwa, tunasema. Kama ni kiota, mahali hatusemi kabisa. Kuna mmoja wetu alilalamika kwamba maelezo yatakuwa marefu. Yawe marefu.

Shamba tulilomwonea ndege ni la mama ya huyo kijana. Alitukaribisha jikoni, akatupa uji, akaniuliza kama kweli kuna watu wanalipa kuja kuangalia ndege, tena wa bure. Nikasema wapo, mathe. Akamtazama mtoto wake, akamtazama tena mwenye kamera kati yetu.

"Haya. Basi huyo ndege akilipa karo ya huyu mdogo wake, namwachia hiyo nyasi yote."

Shamba ni ekari mbili. Moja tayari ameikodisha kwa mtu wa viazi, na tulipokuwa tunaondoka tuliona trekta limesimama kando ya ua. Ya pili bado ni nyasi. Alisema ataamua mvua ya Machi ikianza.